Jicho na Kongoo: Taswira Shirikishi katika Uchunguzi wa Hazina Kubwa za Matini za Kiswahili



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Niliombwa nizungumzie Kiswahili na teknolojia, mada ambayo kwa desturi huzungumzwa kwa namna mbili: ama kwa shangwe, kwamba lugha yetu nayo imeingia katika kompyuta, ama kwa kilio, kwamba imeachwa nyuma. Leo sitashangilia wala sitalia. Nataka kushughulikia swali moja lililo finyu zaidi: mtafiti anapokabiliwa na matini nyingi kiasi kwamba hawezi kuzisoma zote hata akijaliwa umri wa miaka mia, anaziona vipi? Nasema "anaziona" kwa makusudi, kwa sababu hoja yangu ni kwamba kabla hatujasoma huwa tumekwisha kuonyeshwa, na aliyetuonyesha ametuchagulia pa kutazama.

Naanza na istilahi. Kongoo ni mkusanyo wa matini uliopangwa ili uchunguzwe. Taswira shirikishi naiita picha ya hazina ya habari ambayo mtazamaji anaweza kuigusa nayo ikamjibu: anachagua, anapanga upya, anakuza sehemu, anaficha nyingine, kisha anarudi alikotoka. Ramani iliyochapwa katika atlasi ni taswira lakini si shirikishi. Ukiiuliza swali ambalo mchoraji hakulifikiria, inanyamaza. Zipo istilahi nyingine zilizopendekezwa kwa dhana hizi, na sina ugomvi nazo.

Baadhi yenu mtadhani kwamba ninazungumzia jambo la juzi lililoletwa na skrini. Sivyo. Neno letu "kamusi" linatokana na jina la kitabu cha al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, kiitwacho al-Qamus al-Muhit. Kwa Kiarabu, qamus ni bahari kuu. Mtungaji aliona kuwa ameikusanya bahari. Lakini jambo linalonivutia zaidi ni jinsi alivyoipanga bahari hiyo. Maneno yamepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi, wala si ya kwanza. Mtu anayetafuta neno la kukamilisha kina, akifungua mlango wa herufi moja, anakuta mbele yake mizizi yote inayoishia kwa herufi hiyo. Kwa msomaji wa leo aliyezoea kuanzia A mpaka Z, mpangilio huo ni usumbufu. Kwa mshairi ulikuwa neema. Kila mpangilio ni jibu la swali la mtu fulani, na mpangilio unaoonekana kuwa wa kawaida ni ule tu ambao swali lake tumelisahau.

Hapa kwetu pwani wanakili wa tenzi walilijua jambo hili. Ukifungua hati nyingi za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, utaona ubeti mzima umelazwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikikaa katika safu nne, na mara nyingi alama ndogo ikitenganisha kipande na kipande. Kwa kuwa maandishi hayo yanakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha nne hukaa mwisho kabisa upande wa kushoto, na ndicho kinachobeba kina kinachorejea utenzi mzima. Sasa mtazame msomaji wa hati hiyo. Akitaka kisa, anasoma kwa ulalo. Akitaka kujua kama utenzi umesimama sawasawa, anashusha jicho katika safu ya kushoto, kutoka juu mpaka chini, na kina kinajirudia kama vikuku kwenye mkono. Pale ambapo ubeti umepachikwa na mkono mwingine au umeharibika katika kunakiliwa, safu huvunjika, na jicho huliona pengo kabla akili haijalielewa. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Kukagua vina vyake kwa kusoma beti moja moja ni kazi ya siku nyingi, ilhali kwa kushuka na safu ni kazi ya asubuhi moja.

Tulipoanza kuchapa tenzi kwa herufi za Kilatini, tuliupanga ubeti kwa mistari minne iliyopandana. Tulipata usomaji rahisi, tukapoteza safu. Sijaona mhariri yeyote aliyelijadili hilo katika dibaji yake. Ni dalili kwamba sisi wanaisimu na wanafasihi tumezoea kudhani kuwa mpangilio wa ukurasa ni kazi ya mpiga chapa.

Niyapitie haraka yaliyotokea katika zama za mashine, kwa kuwa vitabu vyake vipo na wanafunzi wanaweza kuvisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alieneza mtindo wa kuchapa kila tokeo la neno kuu katikati ya mstari, likiwa na maneno machache kushoto na machache kulia. Ndiyo itifaki tunayoifahamu sote, jamaa ya zile itifaki za Biblia zilizo katika maktaba za makanisa, isipokuwa sasa mashine ndiyo inayokata na kupanga. Mwaka 1967 Jacques Bertin alichapisha nchini Ufaransa kitabu kikubwa juu ya semiolojia ya michoro, akachambua vile jicho linavyopokea mahali, ukubwa, rangi, umbo na mwelekeo. Kisha likaja kundi la Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, chini ya Ben Shneiderman. Karibu na mwaka 1990, diski ya maabara yao, yenye megabaiti 80 na kutumiwa na watu 14, ilikuwa inajaa kila mara, naye akataka kuona kwa mkupuo mmoja ni mafaili gani yaliyokula nafasi. Akagawa skrini nzima kuwa mistatili ndani ya mistatili, kila mmoja ukiwa na eneo linalolingana na ukubwa wa faili. Haja ya mtu aliyeudhiwa na diski iliyojaa ikazaa mchoro ambao leo hutumiwa kuonyesha masoko ya hisa na bajeti za serikali. Miaka michache baadaye kundi hilohilo likaonyesha jinsi mtu anavyoweza kusogeza vitelezi kwa kipanya, kimoja cha bei na kingine cha umbali, na nyumba zinazouzwa mjini Washington zikajitokeza na kutoweka kwenye ramani papo hapo, bila kuandika swali lolote.

Ushauri ambao Shneiderman aliutoa mwaka 1996 umekuwa kama kanuni ya fani hii: mtazamaji aonyeshwe kwanza hazina yote kwa pamoja, kisha aweze kukuza na kuchuja, na undani wa kitu kimoja auone pale anapouomba. Nakubaliana na mpangilio huo. Ninachokihoji ni neno lililo dogo kuliko yote ndani yake, yaani "kitu". Katika diski, kitu ni faili. Katika soko la nyumba, ni nyumba. Katika kongoo ya Kiswahili, kitu ni nini?

Walioziunda zana nyingi tunazozitumia walijibu bila kufikiri: kitu ni neno, na neno ni herufi zilizozungukwa na nafasi tupu. Kwa Kiingereza jibu hilo lina kasoro zake lakini linavumilika. Kwa Kiswahili linaangusha jengo zima. Tufanye hesabu ndogo ya karatasini. Chukua kitenzi -soma. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyokaa mahali pa kiima, tukihesabu maumbo tu, ni kumi na vinne: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-. Weka njeo na hali nne tu, -na-, -li-, -ta- na -me-. Umekwisha kupata maumbo 56. Sasa ongeza yambwa: ama haipo, ama ni moja ya maumbo kumi na manne, tukikihesabu na kirejeshi -ji-. Hamsini na sita mara kumi na tano ni 840. Baadhi ya michanganyiko hiyo haitumiki, kwa mfano *ninanisoma, ambapo -ji- huchukua nafasi. Lakini hatujagusa ukanushi, wala -nge- na -ngali-, wala -ki- na -ka-, wala vitenzi virejeshi, wala somea, someka, someana, somesha, somewa. Kila mojawapo ya hivyo huanza hesabu upya.

Sasa peleka kongoo hiyo kwenye programu inayochora lile wingu la maneno linalopendwa sana na wachapishaji wa mabango, ambamo neno linalotokea mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa. Kitenzi -soma kimesambaratika katika vipande mia kadhaa, kila kimoja kidogo kiasi cha kutoonekana. Kimetoweka. Kinachobaki kikubwa katikati ya wingu ni na, ya, wa, kwa, ni, katika, la, za. Mtengenezaji wa programu akilalamikiwa atasema: hayo ni maneno matupu, yaondoe. Ndipo kosa la pili linapofanyika juu ya la kwanza. Wa, ya, la, cha, vya, za na pa si maneno mbalimbali. Ni kihusishi kimoja, -a, kilichovaa nguo za ngeli saba. Mashine imekikata vipande saba ilipohesabu, kisha ikakitupa kwa kuwa hakina maana, ilhali kila vazi linatuarifu juu ya nomino inayotawala pale. Kwa Kiingereza ukiondoa kihusishi cha aina hii unapoteza kidogo. Kwa Kiswahili umeitupa ramani ya upatanisho.

Nitoe mfano wa namna nyingine ya kutazama, unaotokana na sarufi yetu wenyewe. Tuachane na maneno. Tupake rangi mofimu za upatanisho. Ngeli ya KI-VI tuipe kijani, LI-YA manjano, I-ZI buluu, A-WA nyekundu, na kadhalika. Chukua sentensi: "Kitabu kile kikubwa nilichokinunua kimepotea." Ki-, ki-, ki-, -cho-, -ki-, ki-: mnyororo wa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukikatizwa na doa moja la nafsi, ni-. Panua jambo hilo kwa ukurasa, kisha kwa sura, kisha kwa kitabu kizima kilichopunguzwa mpaka kila sentensi ni uzi mmoja mwembamba kwenye skrini. Usome au usisome, utaona mahali ambapo mwandishi amekaa na mada moja kwa muda mrefu, kwa kuwa rangi imekaa. Na utaona mahali alipogeuka. Ukurasa wa gazeti unaozungumzia serikali, wizara, kamati, ripoti, bajeti, sheria na sera utakuwa wa buluu, kwa sababu nomino zote hizo ni za I-ZI, ngeli ambayo imekuwa mlango mkuu wa maneno ya mkopo. Hadithi ya sungura na fisi itakuwa nyekundu. Mwanafunzi anayechunguza mshikamano wa matini hapa ana chombo ambacho mwenzake anayechunguza Kiingereza hana, kwa kuwa lugha yake imejipaka rangi yenyewe na inasubiri tu mtu wa kuziwasha.

Si kwamba zana zilizopo hazifai kwa lolote. Upo mchoro uitwao mti wa maneno, uliobuniwa na Martin Wattenberg na Fernanda Viégas. Unalichagua neno moja, na yote yanayolifuata hujitandaza kama matawi, tawi nene likiwa la mfuatano unaotokea mara nyingi. Uupe neno "kwa", ambalo limewasumbua walimu wengi, na utafanya kazi nzuri: tawi la sababu, la ajili, la hiyo, la kuwa, la mujibu, la niaba, kisha kundi la ala, kwa kisu, kwa kalamu, kisha la namna, kwa haraka, kisha la mahali pa mtu, kwa Juma. Mwalimu anaweza kulifungua darasani na kuwauliza wanafunzi ni matawi gani ambayo ni ya shina moja. Linafaulu kwa "kwa" kwa sababu "kwa" hapo husimama peke yake. Mpe mti huo "alimsomea" na utakupa kijiti.

Waarabu walikwisha kulitatua tatizo la aina hii kwa lugha yao. Muhammad Fuad Abd al-Baqi alipoitunga itifaki yake mashuhuri ya maneno ya Kurani, iliyotoka Cairo katika miaka ya 1940, aliipanga kwa mizizi: kataba, kitab na maktub utayakuta chini ya k-t-b. Na katika Kiswahili, kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilifanya jambo la namna hiyo, ikiyakusanya mapenzi, mpenzi na upendo chini ya penda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilichagua njia nyingine: mapenzi yakaenda M, upendo ukaenda U. Nimesikia wenzangu wakibishana ni ipi iliyo sahihi. Ubishi huo ni wa zama za karatasi. Kitabu kilichochapwa kina mpangilio mmoja, na kila mhariri hulazimika kuwanyima baadhi ya wasomaji ili awape wengine. Orodha iliyo ndani ya kompyuta haina haja ya kuchagua. Mtafiti anayetaka familia ya maneno aibonyeze ijipange kwa mizizi. Anayetaka tahajia aipange kwa alfabeti. Na anayechunguza unyambulishaji aipange kuanzia mwisho wa neno, kwa mtindo wa al-Firuzabadi. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili huambikwa mbele na kunyambuliwa nyuma, orodha iliyopangwa kutoka nyuma huleta pamoja -esha na -isha, -eka na -ika, -ana, -wa, kila kundi katika mtaa wake, na vile vitenzi vichache vyenye -ama au -ata, kama fungama na kumbata, ambavyo tumezoea kuvitaja kwa mifano ileile miwili mitatu, hujitokeza vyote kwa pamoja.

Ili mashine ifanye hivyo lazima kwanza ijue kulipasua neno, na hapa sifa iende kwa anayestahili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na juu ya msingi huo ikajengwa Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, kila moja likiwa na umbo lake la kikamusi na maelezo ya kisarufi. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuifikia kupitia intaneti. Yapo mambo mawili ambayo picha yoyote inayochorwa juu ya kongoo kama hiyo huyaficha, na ningependa tuyakae kidogo.

La kwanza ni shaka. "Amepanda" ni kupanda mti au kupanda mbegu? "Mbuzi" ni mnyama au ni kifaa cha kukunia nazi? "Paa" ina maana nne ninazoweza kuzitaja bila kufungua kamusi. Mchanganuzi, awe mtu au mashine, huamua. Uamuzi wake huwa tarakimu. Tarakimu huwa nukta kwenye skrini. Na nukta ya uamuzi wa kubahatisha haitofautiani hata kidogo na nukta ya uamuzi wa hakika. Wino wa nukta zenye shaka ungepaswa kuwa hafifu. Ni jambo rahisi kiufundi, na karibu halifanywi, kwa kuwa picha yenye ukungu haipendezi katika ripoti.

La pili ni chanzo. Kongoo niliyoitaja imejengwa kwa sehemu kubwa na habari za magazeti, vitabu na majadiliano ya Bunge la Tanzania. Hilo si aibu. Mtu hukusanya kile kinachokusanyika. Lakini mwanafunzi akiona mstari unaopanda, akaandika katika tasnifu yake kwamba "Waswahili siku hizi hutumia zaidi" neno fulani, ameona wabunge na waandishi wa habari, akawaita Waswahili. Liko wapi soko la Kongowea? Iko wapi Lubumbashi? Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huko historia ya mji wa Elisabethville, matini ambayo Johannes Fabian aliitoa kwa wasomi mwaka 1990. Imeandikwa na mtu asiyefungwa na sarufi za shule, na mipaka ya maneno ndani yake si ile tuliyoizoea. Itie matini hiyo katika mashine inayohesabu vilivyotenganishwa na nafasi tupu, na utaletewa jedwali la upuuzi. Mashine italaumu matini. Kwa maoni yangu, matini hiyo ndiyo mtihani halisi wa zana yoyote inayodai kukitazama Kiswahili, na zana isiyoweza kuisoma inatazama Kiswahili Sanifu cha maandishi tu, nayo iseme hivyo.

Katika lahaja tatizo hili huchukua sura ya ramani. Tumeyazoea maumbo kama cheka na teka, chinja na tinda, njia na ndia, yanayotenganisha Kiunguja na lahaja za kaskazini. Mwalimu huchora mstari, kaskazini rangi moja, kusini rangi nyingine. Lakini pwani yetu ni miji na visiwa vilivyounganishwa na bahari, wala haikupata kuwa shamba lililogawanywa kwa ua. Mtu wa Lamu ana nduguze Mombasa, na watunzi wa Mombasa walitumia maumbo ya Kiamu kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na hadhi katika ushairi. Isitoshe, watu huhama. Chimwiini ramani zote huiweka Barawa, lakini tangu vita vya Somalia vya mwaka 1991 wasemaji wake wengi wametawanyika Kenya, Uingereza na Marekani. Nukta iliyo Barawa ni ya kweli kwa mwaka 1970 na ni ya uongo kwa leo. Ramani shirikishi yenye kitelezi cha wakati ingeweza kuonyesha nukta moja ikipasuka na kuwa nyingi. Pia ingeweza kuonyesha jambo ambalo ramani za karatasi hulisitiri: ni nani aliyekusanya, mwaka gani, kwa kuwauliza watu wangapi. Katika ramani nyingi za lahaja zetu, eneo tupu halimaanishi kwamba hakuna tofauti. Linamaanisha kwamba hakuna mtafiti aliyefika. Naomba eneo hilo lipakwe rangi yake lenyewe, rangi ya kutojua, lisiachwe jeupe kana kwamba limekwisha kuchunguzwa.

Niseme neno moja juu ya mashine mpya zinazojibu maswali. Mwanafunzi siku hizi huuliza, akapewa aya iliyonyooka, na hushangaa kwa nini mzee huyu anaendelea kuhangaika na safu na rangi. Nazitumia mashine hizo pia. Lakini jibu hukuonyesha lile ulilouliza tu. Anayeshusha jicho katika safu ya vina hukutana na pengo ambalo hakulitafuta, na katika taaluma yetu karibu kila jambo lenye thamani lilianza na pengo la namna hiyo.

Nimeliacha mwisho lile lililo gumu kwangu, ambalo ni ngeli. Ule mchoro wa mistatili ndani ya mistatili unaonekana kana kwamba umebuniwa kwa ajili yake: mstatili mkubwa kwa kila ngeli, ndani yake nomino, kila moja kwa kadiri ya matumizi yake. Kitabu cha shule kingependeza sana. Basi weka ndani yake nomino kiboko. Kwa umbo ni ya KI-VI: kiboko, viboko. Kwa upatanisho wa kisintaksia ni ya A-WA: kiboko amezama, viboko wamezama. Mchoro wa Shneiderman unataka kila kitu kiwe ndani ya sanduku moja, kwa sababu faili haliwezi kukaa katika folda mbili. Hapo mchoraji, ambaye pengine hajapata kusikia habari za Meinhof, analazimika kukata kwa kubonyeza mara moja mjadala ambao wanasarufi wa Kiswahili wameuendesha kwa zaidi ya nusu karne, kati ya wanaohesabu ngeli kwa viambishi vya nomino na wanaozihesabu kwa upatanisho. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakayeuona mchoro huo hatajua kuwa palikuwa na mjadala.

Ipo njia. Katika miaka ya 1980 watakwimu walibuni mtindo wa kuweka michoro miwili kando kwa kando, na kitu kikiguswa katika mmoja, kikawaka katika mwingine. Tuwe na ubao wa maumbo na ubao wa upatanisho. Gusa sanduku zima la KI-VI upande wa kushoto. Upande wa kulia, kiti, kitabu, kisu na kijiji vitawaka mahali pamoja, na kiboko, kifaru, kipofu, kiziwi na kinyozi vitawaka mbali, ndani ya A-WA. Tofauti iliyowachosha wanafunzi wangu kwa mihula mingi itaonekana kwa mguso mmoja, na hakuna nadharia itakayokuwa imenyamazishwa.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameanza kazi hii kwa mkono, kwa kalamu za rangi na karatasi kubwa, kwa kuwa hatukuona haja ya kusubiri programu ili kujua tunachokitaka kutoka kwake. Wamemaliza ubao wa maumbo. Ubao wa upatanisho umekwama kwenye kitoto. Baadhi yao wanasema "kitoto kile kinalia", wengine "kitoto yule analia", na wapo wanaosema vyote viwili kutegemea wanampenda mtoto huyo au wamechoka naye. Mmoja amependekeza neno hilo lipewe kamba badala ya sanduku, ili livutwe upande huu na huu kwa kadiri ya matini. Wamenipa wiki mbili niwaletee mifano kutoka matini za kabla ya mwaka 1925, nami ningewashukuru wenzangu mlio na hati au barua za zamani majumbani mkinisaidia kuitafuta.